Pingamizi la Tikiti Nambari 4417

Kwa Meneja wa Maegesho
(jina la kampuni limefutwa na mvua,
nami sipendi kukisia majina ya watu):

Jumanne, saa nne na dakika kumi,
niliegesha Bondeni, mkono wa kushoto,
mkabala na duka la mabati.
Nilikuwa napeleka cherehani.
Mwenyewe anaishi ghorofa ya tatu,
na cherehani ya miguu, Meneja,
haipandi ngazi kwa kubembelezwa.
Nikapanda nayo. Nikapumua. Nikateremka,
nikalikuta gurudumu langu la mbele
limetiwa pingu ya manjano
kama mwizi wa kuku.

Elfu mbili na mia tano, yasema karatasi.
"Eneo la kibinafsi."
Nimeisoma kwa miwani na bila miwani.
Binafsi ya nani?

Binti yangu Swabra, aliyesoma,
kanishauri nizipange hoja: moja, mbili, tatu.
Lakini hasira haijui hesabu.
Nitazisema zijavyo.

Barabara hiyo naijua tangu vumbi.
Siku ya lami nilikuwa na miaka saba:
moshi, mapipa, wanaume vifua wazi,
na mama mlangoni akipiga kelele tusiingie,
nyayo zetu nyeusi tititi
na sakafu ndiyo kwanza imepigwa deki.
Hakuna aliyeuliza lami ile ya nani.
Ilikuwa ya kila unyayo.

Na chini ya gari langu, mlipofunga pingu,
kuna kifuniko cha mtaro.
Niliinama nikakipangusa kwa kitambaa cha mafuta.
Zikatoka herufi za Baraza la Mji,
za chuma, zimeota kutu, lakini zasomeka.
Nikatandika karatasi juu yake
nikasugua kwa chaki ya kupimia nguo.
Nakala hiyo nimeiambatisha.
Mtaro wa mji hauchimbwi sebuleni mwa mtu.

Hati yenu i wapi?
Nilimuuliza kijana wenu, Kazungu.
Akanionyesha kibao.
Kibao! Ubao umepigiliwa kwenye ufito,
ufito umesimikwa kwenye ndoo ya rangi iliyojaa simiti,
na ndoo yenyewe ingali na mkono wake,
tayari kubebwa usiku.
Ikiwa ndoo ndiyo hati,
basi kesho nami natia yangu pale kivukoni Likoni,
nimtoze kila anayekohoa.

Kijana simlaumu.
Koti lile la kung'aa limeandikwa jina la mwingine.
Aliniambia huku akitazama kando:
"Mzee, nikifunga kumi ndipo napewa posho.
Lako ni la tisa."
Nikatia mkono mfukoni.
Naam, Meneja, nilikaribia kulipa,
na hapo ndipo nilipouona mtego wenu:
mwamtanguliza mwenye njaa
ili sisi tumwonee haya,
nanyi mkae ndani, kwenye baridi ya mashine.
Nikamnunulia chai na mahamri mawili.
Hiyo si faini. Msiiandike.

Ushuru wa kaunti nilikuwa nimeshalipa,
saa nne na dakika kumi na mbili, kwa simu;
risiti mtaiona.
Mwataka niilipie ardhi ileile mara ya pili,
kama bwana harusi aliyetoa mahari kwa mkwewe
kisha akadaiwa na jirani wa mkwewe.

Jioni nilipotaja mahakama ya madai madogo
pingu ilifunguliwa bila neno.
Tikiti haikufutwa.
Kila asubuhi simu yangu hunikumbusha deni,
na deni linanenepa, sasa ni elfu tatu na mia moja.
Mimi silipi.
Nasema taratibu ili mwandishi wenu apate kuandika:
si-li-pi.

Jibu nileteeni kwa karatasi, lenye sahihi na mhuri.
Karakana yangu haipotezi mtu, ulizeni Mwembe Tayari.
Mbele ya mlango kuna nafasi ya gari moja.
Egesheni tu.
Ni barabara.

Athman Shekue,
fundi wa cherehani
(si wa kushona, wa kutengeneza).